Kufuli la Pipa

Nilinunua kufuli. Ningependa kusema nililinunua kwa ajili ya sanduku la nguo, au mlango wa stoo, kama wanunuavyo watu wenye akili zao. Hapana. Nililinunua kufungia maji. Nililifunga kwenye pipa lililokuwa nyuma ya nyumba yetu pale Newala, nikautia ufunguo kwenye uzi, nikauvaa shingoni pamoja na msalaba wangu, kisha nikaenda zangu kazini nimeridhika kabisa. Mimi, niliyesoma mpaka darasa la kumi, niliyekuwa nikiwafundisha mabinti wa watu hesabu za mapipa yanayojaa na mapipa yanayovuja, sikuona kasoro yoyote. Kufuli lenyewe lilikuwa dogo, la shaba, linaenea kiganjani. Nusura linikoseshe watoto wangu wote watatu.

Asiyewahi kuishi juu kule kwetu atauliza maji nayo yanafungwaje. Yanafungwa, bwana, kama fedha. Uwanda ule hauna mto wala kijito; ardhi yake ni kichanga chekundu kinachokunywa mvua yote kisiseme hata ahsante. Anayetaka maji anashuka bondeni. Wanawake walikuwa wakiamka jogoo la kwanza, wakiteremka na vibuyu na madebe, na waliporudi kupanda ule ukingo wa mlima jua lilikuwa limeshachoma. Habari za mabomba zilikuwa zikisemwa-semwa bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, lakini mtaani kwetu zilikuwa bado ni habari tu. Sisi walimu wa misheni tulikuwa na bahati moja: nyumba zenye paa la bati. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye mfereji wa bati, yanaingia kwenye pipa na kwenye shimo lililosakafiwa. Kiangazi kikifika shimo linakauka, linabaki pipa, na pipa likibaki peke yake unaanza kuyatazama maji kama mgonjwa wako.

Jirani yangu hakuwa na bati. Alikuwa mke wa mkulima wa korosho, amenizidi umri kiasi cha kumwamkia, na nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Maji ya paa la nyasi yana rangi ya chai iliyokosa sukari. Huwezi kumpa mtu. Kwa hiyo yeye alikuwa akishuka bondeni. Akisharudi, akitua debe lake na kunyoosha shingo, ndiye aliyekuwa akiwatazama wanangu mpaka nirudi kutoka kazini. Hatukuwahi kukaa chini tukapatana. Mtoto wangu wa mwisho aliachiwa tu siku moja, akawa anaachiwa. Anapowapikia uji anachota kata mbili tatu katika pipa langu, na akipungukiwa nyumbani kwake anachota nyingine anaondoka nayo. Hatukuliongea hilo pia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na mimi niliishi hivyo bila kujua kwamba ni mpango.

Sasa niseme habari ya kaka yangu, maana ndiye aliyekuwa tishio langu. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Baba yao alikuwa mwalimu pia, anafundisha Masasi, anapanda kuja kwetu kwa lori mwisho wa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mtu mwema sana, ila kwa mambo ya watoto yeye alikuwa mtu wa kuombwa maoni. Neno lilikuwa la kaka yangu wa Makote, mkulima, mzee wa kanisa, mwenye baiskeli. Nilipomaliza kunyonyesha yule wa mwisho na kusema narudi darasani, kaka alinikubalia, lakini alinikubalia kwa masharti.

“Fundisha,” alisema. “Lakini siku nikisikia watoto wa dada yangu wanakaa na njaa au na kiu kwa sababu mama yao anawafundisha watoto wa wenzie, nakuja na baiskeli yangu nawachukua. Mama yetu bado ana nguvu, atawalea kule kule Makote. Sitauliza mara mbili.”

Na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Wakati mwingine hakuuliza hata mara moja.

Mimi kwa asili ni mtu wa ndani. Walimu wenzangu waliimba kwaya, walitembeleana, walienda mpaka Mkunya kuangalia harusi ya mtu wasiyemjua. Mimi nikitoka shule nilitaka kitu kimoja: kukaa kwenye kigoda changu, kunyoosha miguu, na kunywa chai nikiwa nimenyamaza. Chai nilikuwa nayo. Miguu nilikuwa nayo. Kunyamaza ndiko kulikokosekana. Kabla ya kufika nyumbani palikuwa na mkorosho mmoja ulioinama mpaka chini, na nilikuwa na desturi ya kujibanza nyuma yake kidogo, nipumue, nijikumbushe kwamba nilijiombea mwenyewe kuwa na watoto. Desturi hii ilikufa siku mwanangu wa kati, mvulana mwenye macho ya kipanga, aliponiona na kupiga kelele kwa mtaa mzima: “Mama amejificha tena!”

Basi ilikuwa kama hivi. Nafika na rundo la madaftari kwapani, saa kumi imepita, koo limekauka kwa chaki. Kabla sijapanda baraza wananivamia wote kwa pamoja.

“Mama, huyu ameniita kichwa cha nazi!”

“Yeye ndiye aliyeanza kunitazama!”

“Nilikuwa natazama mbuzi, wewe ukapita mbele!”

“Shikamooni nyie,” nasema.

“Shikamoo mama, huyu amekula muhogo wangu!”

“Marahaba. Ameula mbichi?”

“Ameula na maganda!”

Mkubwa, binti, alikuwa na sauti ya mwalimu mkuu na alikuwa bado hajaanza shule. Huyo wa kati alikuwa akikanusha kila kitu hata ambacho hakuna aliyekisema. Wa mwisho hakuwa na maneno mengi, kwa hiyo alikuwa akiingia chini ya sketi yangu na kukaa humo mpaka chakula kiive, na mimi napika nikitembea kama bata. Wasichana wangu darasani, arobaini kasoro, nikiinua kidole wananyamaza. Nyumbani niliinua mikono yote miwili na hakuna aliyeshughulika.

Siku iliyonipeleka dukani kununua kufuli ilikuwa siku ya ubatizo.

Nilirudi nikakuta uani pametulia. Utulivu huo peke yake ungetosha kunitia hofu. Mwanangu wa kati amesimama kando ya pipa, amejivika khanga yangu mpya, ile niliyokuwa naitunzia Krismasi, imebururwa mpaka kwenye matope. Matope! Kiangazi! Dada yake amempakata kuku mwekundu wa jirani, amemfunga kitambaa cheupe kichwani. Kuku wengine wametawanyika uani, wameloa chapachapa, wanatetemeka, kila mmoja na sura ya kiumbe kilichoona makubwa.

“Mnafanya nini?”

“Tunabatiza,” alisema mkubwa, kwa heshima. “Mimi ni mama wa ubatizo. Ngoja kwanza, Mama, huyu anapata jina.”

Na huyo kasisi wangu akazamisha kata ndani ya pipa, akammwagia kuku yule mara tatu, hakupunguza hata moja, maana nilikuwa nimewalea kanisani vizuri.

Nilichungulia pipa. Asubuhi niliacha maji yakinifika kiwikoni. Sasa niliona sura yangu mbali sana huko chini, imekasirika.

“Mmewabatiza wote?”

“Jogoo bado,” alisema wa kati. “Jogoo bado anasoma mafundisho.”

Jirani alikuwa mlangoni kwake, amejishika mbavu kwa kucheka. Aliniita kwa jina la binti yangu kama alivyoniita siku zote, akasema, “Angalau sasa nikimchinja mmoja nitajua amekwenda wapi!” Nami sikucheka. Nikiyakumbuka haya leo nacheka peke yangu mpaka nakohoa, lakini siku ile nilikuwa nimesimama vipindi vyote, nina madaftari ya kusahihisha, nina watoto watatu wenye matope, na nina maji ya siku chache katika mwezi ambao mvua haikuwa na nia yoyote. Nilimwangalia yule mwanamke anayecheka kama vile ndiye aliyewapa kata.

Kesho yake nilipitia duka la Mhindi nikanunua kufuli. Seremala wa shule akanitengenezea kifuniko cha mbao chenye bawaba na pete. Nililifunga mbele ya watoto wangu, nikafanya kama sherehe, nikasema kwa sauti ya kuwatisha: “Sasa wezi wa maji tutaonana!” Nilikuwa nasema nao. Nani mwingine? Nikaondoka.

Hapa ndipo ujinga wangu unapokomaa. Sikumwambia jirani. Haikunipitia akilini kwamba kuna la kumwambia. Lile lilikuwa pipa langu na wanangu, kufuli langu na hasira zangu. Lakini kwetu maji hayafungiwi mtu. Mpita njia tu, mtu usiyemjua hata ukoo, akisimama uani akasema ana kiu, unampa, hata kama ni kata ya mwisho. Ukimnyima, utasimuliwa mpaka kwenye misiba. Na jirani yangu alikuja saa yake ile ile, mtoto wa mwisho mgongoni, mkono umeshika sufuria ya uji, akakutana na shaba.

“Hii nini?” akamuuliza binti yangu.

Binti yangu, ambaye hajawahi kusahau neno nililosema isipokuwa nililomtuma, akajibu kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu: “Mama amesema sasa wezi wa maji mtaonana.”

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilichokiona ni kwamba nimerudi, nikamkuta jirani anaanika makopa yake ya muhogo juu ya kichanja, nikamwamkia.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, Mwalimu.”

Mwalimu! Nikafurahi. Wallahi nilifurahi. Nilidhani kufuli limenipandisha cheo.

Wanangu nikawakuta wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, wamenyamaza kidogo, midomo imepauka. Jirani alikuwa amewapa uji, uji wa maji yake mwenyewe ya bondeni, halafu akawaambia, sasa nendeni kwenu. Hajawahi kuwaambia nendeni kwenu tangu wazaliwe. Nikaona ni msimu wa korosho umeanza, mwenzangu ana kazi shambani. Nikajiona mwerevu, kesho yake nikawaachia maji ya kunywa kwenye mtungi kabla ya kutoka.

Niliporudi mtungi ulikuwa mkavu.

“Mmekunywa yote?”

“Hapana,” alisema wa kati. “Leo kulikuwa na kipaimara.”

“Cha nani?”

“Cha wale kuku. Mimi nilikuwa Askofu.”

“Askofu hamwagi maji kwenye kipaimara!” Nilisema hivyo. Katika mambo yote niliyoweza kusema, nilimsahihisha ibada.

“Hatukujua,” alisema dada yake. “Wewe hukuwepo.”

Hilo liliniingia kidogo, lakini sikulipa nafasi. Nikapika.

Na kiu waliyoipata baada ya kipaimara waliitibu wenyewe. Mikorosho ya jirani ilikuwa imeiva, mabibo mekundu na ya njano yanadondoka yenyewe, watu wanaokota korosho na bibo wanaliacha chini au wanaliweka kando kwa kutengeneza uraka, ile pombe ya mabibo. Mtoto mwenye kiu akiona bibo ameona mtungi. Walinyonya mabibo asubuhi, mchana na alasiri. Anayejua bibo anajua ninachosema: maji yake ni matamu, yanakwaruza koo kama kitambaa cha katani, na yakidondoka kwenye nguo hayatoki tena mpaka nguo itupwe. Kwa muda mfupi wanangu walikuwa na mabaka ya kahawia kuanzia kidevuni mpaka magotini, sauti zimekwaruza kama za walevi, nzi wanawafuata kama wafuasi. Na maji ya bibo yakikaa kwenye nguo na jua likayapiga, yanachacha. Nilimkumbatia wa mwisho jioni moja nikasikia harufu ya kilabu.

“Mnanuka nini nyie?”

“Kiu,” alisema mkubwa.

Niliwaogesha. Niliwaogesha kwa kata moja moja, nikifungua kufuli na kufunga, kufungua na kufunga, ufunguo unaning’inia shingoni, uzi unanikata. Darasani wasichana walikuwa wakiniangalia kifua badala ya ubao. Mmoja alinyoosha mkono akauliza kama huo ni ufunguo wa mbinguni. Nikampa adhabu ya kufagia, kisha nikaenda ofisini nikacheka, kisha nikakumbuka nguo zilizolowekwa nyumbani na nikaacha kucheka.

Na jirani? “Marahaba, Mwalimu.” “Habari za kutwa, Mwalimu.” “Watoto wako wapo huko, Mwalimu.” Ilinichukua siku nyingi kutambua kwamba sijaitwa kwa jina la mwanangu, na kwamba pale kwetu mama anayeitwa kwa kazi yake ametolewa nje ya boma. Nilijua nimekosa, sikujua nimekosa nini. Mtu mwingine angevuka ua akauliza. Mimi mtu wa ndani nilikaa ndani.

Habari za watoto wa Mwalimu wanaonuka uraka hazikukaa ndani. Zilifuata njia za habari: kwa wanaoshuka bondeni, kwa wanaopeleka korosho sokoni, mpaka Makote. Jumapili mwinjilisti mmoja aliyetoka huko alinisimamisha nje ya kanisa, akaangalia pembeni, akasema: “Kaka yako anakusalimu. Anasema anakuja Jumamosi, na anasema watoto wafuliwe nguo zao na zifungwe pamoja.”

Zifungwe pamoja. Sikuhitaji kufasiriwa.

Wiki ile nilifanya kazi ya kichaa. Nilifua nguo kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, na madoa yakazidi kung’aa kama yamepigwa brashi. Nilimwambia binti yangu atakayekula bibo nitamchapa. Akaniuliza basi wanywe nini, nikamwambia mtungini. Akaniuliza mtungi ukiisha, nikamwambia aende huko. Nikapanga: Ijumaa nitamaliza zamu mapema, nitafungua pipa, nitawasugua wote, Jumamosi kaka atakuta malaika watatu na chai mezani.

Kaka alikuja Ijumaa.

Nilipopita kwenye mkorosho wangu uliolala niliona baiskeli imeegemezwa kwenye pipa. Pale pale, usukani wake umekaa juu ya kufuli. Kaka alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda changu, kofia gotini. Wanangu walikuwa wameogeshwa. Nywele zao zilikuwa bado zina maji, na mkubwa alikuwa na kifurushi cha nguo mapajani, amekifunga vizuri kwa ile khanga ya kasisi. Jirani alikuwa mbele ya jiko langu anakoroga sufuria, na mtoto wangu wa mwisho amelala mgongoni kwake.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Pumzika.”

Sikupumzika. “Umefika lini?”

“Mchana, jua la utosi. Nina vumbi mpaka tumboni. Nikasema nimefika kwa dada yangu, nitapata maji.” Akaizungusha kofia. “Mwanao huyu mkubwa ana adabu sana. Alipiga magoti, akaniamkia, nikasema mjomba ana kiu. Unajua alinijibu nini?”

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anatazama mbele kama askari.

“Alisema: maji yapo, Mjomba, lakini Mama ameyavaa shingoni.”

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa kati, ambaye hucheka kanisani.

“Halafu huyu mdogo wake,” kaka aliendelea, “akaenda akaniletea bibo. Bibo! Mzee wa kanisa nimekaa barazani kwa Mwalimu nanyonya bibo, watu wanapita. Ndipo huyu dada akatoka kwake na kata ya maji. Maji ya bondeni. Mwenye paa la nyasi ndiye aliyeninywesha, na bati lote hili liko juu ya kichwa changu.”

“Kaka, nililifunga kwa sababu ya watoto. Walikuwa wanabatiza kuku…”

“Sijauliza.”

“Kwanza wakabatiza, halafu wakawapa kipaimara…”

“Mama, usiseme yote,” alinong’ona Askofu.

“Vua huo,” kaka alisema.

Niliutoa ufunguo shingoni. Uzi ulinasa kwenye msalaba, nikawa navutana nao mbele ya watu kama mbuzi aliyejifunga kwenye kamba yake. Nilifungua pipa. Na pale, nimeshika kufuli wazi mkononi, nikaona macho ya jirani yametua juu yake, na jinsi alivyorudisha macho kwenye sufuria. Na hatimaye, baada ya siku zote zile, nikaelewa kilichofungwa. Niliona aibu ikipanda kutoka miguuni. Huyu ndiye niliyemwachia wanangu watatu, na maji nimemfungia.

“Dada,” nikasema, “hili kufuli halikuwa lako.”

“Najua halikuwa langu,” alijibu bila kugeuka. “Lingekuwa langu lingeshakaa chooni.”

“Sikukusudia wewe.”

“Nilikuja na mwanao mgongoni, na sufuria mkononi. Nikaambiwa wezi tutaonana.” Akakoroga. “Basi tukaonana, Mwalimu. Kila siku.”

“Nisamehe.”

Aliugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ukatoa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kaka akasimama. “Mimi nilisema nini siku ile? Nilisema sitauliza mara mbili. Mdogo atakaa mbele kwenye mtalimbo wa baiskeli, wa kati nyuma, mkubwa atatembea na mimi nitakokota. Magharibi tutakuwa Makote.”

Sasa mtu angetegemea watoto waniangukie miguuni kwa machozi. Wa kati aliruka juu. “Mimi nyuma! Mjomba, nipige kengele?” Akaikimbilia baiskeli, akaanza kuipiga, kri, kri, kri, kwa furaha kama anaenda kutawazwa. Mkubwa alisimama na kifurushi chake, akavaa sura ya mtu anayeondoka kwa ajili ya wajibu. “Mama,” alisema, “ukirudi kutoka shule usijifiche kwenye mti. Hakutakuwa na mtu.”

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, na sketi yangu ya kazi. Nilichoweza kufikiri ni kwamba kesho nitarudi, nitakunywa chai, nitanyoosha miguu, na patakuwa kimya. Ile kiu yangu yote ya kimya. Nikaichukia.

Kaka aliniinamishia macho, akaona, akahema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjomba tu. Akageuka kule jikoni.

“Dada,” akamwambia jirani, “wewe ndiye unayekaa nao. Mimi nimesikia ya njiani. Sema wewe. Niwachukue, au niwaache? Ukisema niwachukue nawachukua sasa hivi.”

Kengele ya baiskeli ikanyamaza. Jirani hakuwa na haraka. Aliepua sufuria, akaitua, akamsukuma mtoto juu kidogo mgongoni ili akae vizuri, akajifuta mikono. Alikuja mpaka pale nilipokaa, akasimama juu yangu. Nikangoja kuitwa Mwalimu. Akaniita kwa jina la binti yangu.

“Inuka hapo,” akasema, “unaichafua sketi, na maji ya kuifulia huna.” Kisha akamgeukia kaka yangu:

“Kaka, watoto hawa nawajua, hawana ila isipokuwa kelele. Lakini kama baiskeli yako haiwezi kurudi Makote tupu, mpakie huyu mama yao mkamfundishe upya, watoto niachieni mimi, na huo ufunguo auache.”